Pampu ya Gulper: kwa vyoo vya uswahilini ambavyo gari la majitaka haliwezi kuvifikia

Tuanze na hukumu. Gulper, pampu ya mkono ya kutoa tope la choo, ni nzuri kwa mita moja na nusu hivi ya juu ya choo cha shimo. Anayeinunua akitarajia kufika chini kabisa atajuta, lakini anayeijua mipaka yake hana kifaa bora cha mkono kwa bei ya fundi wa mtaani.

Ilibuniwa mwaka 2007 na Steven Sugden wa London School of Hygiene and Tropical Medicine, kwa ajili ya mitaa iliyobanana kama Manzese, Tandale, Keko na Vingunguti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam wenye kilomita za mraba 1,393, yaani karibu watu 3,900 kwa kilomita moja ya mraba. Huo ni wastani tu. Katika mitaa hiyo uchochoro hupitisha mtu na ndoo yake, gari la majitaka linaishia barabarani, na mpira wake haufiki uani.

Msongamano huo unaonekana ndani ya shimo lenyewe. Wahandisi hukadiria lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka katika shimo lenye maji. Nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye watu 20 huzalisha lita 800. Shimo la duara lenye upana wa mita moja hubeba lita 785 katika kila mita ya kina, kwa hiyo linapanda mita moja kila mwaka, na takataka zikitupwa humo linapanda haraka zaidi. Zamani mtu alifukia shimo akachimba jingine pembeni. Leo pembeni kuna chumba cha mpangaji. Ndiyo maana watu hutapisha vyoo, yaani huachia tope litoke nje, mvua ikinyesha, na kinyesi cha nyumba moja kinaingia kwenye kisima cha nyingine. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 hakikupata shida ya kusambaa.

Pampu yenyewe ni rahisi kuielewa: bomba la PVC la inchi nne, fimbo ya chuma ndani yake yenye mshikio wa herufi T, na vali mbili, moja chini ya bomba na nyingine kwenye ncha ya fimbo. Ukivuta fimbo, vali ya chini inafunguka na tope linaingia. Ukishusha, ya chini inajifunga na tope linapita juu ya ile ya fimbo. Linatokea kwenye mdomo wa pembeni. Likiwa jepesi hutoka takriban lita 30 kwa dakika, kwa hiyo dumu la lita 50 linajaa chini ya dakika mbili. Hiyo ni kasi ya kupampu tu. Kazi halisi ni ndefu zaidi, na muda mwingi unaliwa na takataka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nepi, pedi, matambara na mifuko lazima vitolewe kabla ya kupampu, kwa nondo ndefu iliyokunjwa ncha. Uzi mmoja wa tambara ukikaa kwenye vali, haifungi. Fimbo inapanda na kushuka, mkono unachoka, na mdomoni hakitoki kitu. Dawa ni kuchomoa fimbo na kusafisha vali. Kulazimisha kunapasua bomba, maana PVC ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Kwa timu inayofanya kazi kila siku, bomba la chuma linastahili uzito wake.

Tope likiwa zito, ongeza maji na ukoroge kwa mti mrefu, ukikumbuka kwamba kila ndoo unayomwaga utaibeba tena kwenda nje. Usimwage mafuta ya taa kuua harufu kama walivyozoea wachimbaji wa mkono: yanavimbisha mpira wa vali. Na tope la chini kabisa, lililokaa miaka na kushikana kama udongo wa mfinyanzi, Gulper haitaligusa.

Kasoro mbili za umbo lake zinaudhi. Fimbo inahitaji nafasi juu, na vyoo vingi vina paa la chini, hivyo mara nyingi bati moja hufunguliwa kwanza. Tena mdomo uko juu ya dumu na tope linaruka. Fungia kipande cha mpira mpana kinachoingia ndani ya dumu, na yeyote aliye karibu avae buti, glavu ndefu, ovaroli, barakoa na miwani. Sakafu ioshwe kwa sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, hiyo ni klorini ya asilimia 0.5.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya safari. Lita 1,000 ni madumu 20, kila moja likizidi kilo 50, yakibebwa na watu wawili hadi kwenye toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Toyo nayo inapaswa kufika mahali panaporuhusiwa kumwaga, kama mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Panapokuwa mbali, mafuta na foleni hula faida, na ndipo kishawishi cha kumwaga mtoni usiku kinapoingia. Mwenye nyumba, usikubali bei kabla timu haijakutajia inamwaga wapi. Na wewe unayetaka pampu, ongea kwanza na mamlaka ya maji kuhusu sehemu ya kumwaga, ndipo umpe fundi kazi ya kuichomelea.