TAHADHARI: Kijana anayeuza kobe wa boksi hapa Indianapolis, msimpe hata dola moja

Ndugu zangu wa Indianapolis, na nyie wa Louisville na Columbus ambako nasikia ameshaanza kufika: yule kijana anayetangaza kobe wa boksi kwenye makundi yetu ya WhatsApp, mwenye maneno ya "wamezaliwa nyumbani, afya tele, karatasi zipo", ni tapeli. Kama mmeshampa ahadi, ivunjeni leo. Kanipiga dola 360, tena mimi ambaye mkitaka kujua lolote kuhusu kobe huwa mnanipigia simu. Nyumbani tulikuwa tunatafuta kobe wa pili. Nimekaa siku sita bila kuandika kwa sababu ya aibu, na ndani ya siku hizo sita ameuza wengine wawili. Hilo linaniuma kuliko hela.

Tulikutana Jumamosi saa tatu kasoro usiku, kwenye maegesho nyuma ya lile duka letu la unga na samaki. Juni ya hapa mnaijua, saa hizo jua ndiyo linazama: mwanga wa kumtambua mtu upo, wa kukagua jicho la kobe haupo. Saa aliichagua yeye. Mimi nilitaka saa sita mchana, akasema yuko kazini. Akashuka, "Shikamoo dada," akafungua mlango wa nyuma wa gari, akatoa beseni la plastiki lenye mfuniko. Ndani taulo, juu ya taulo kobe. Amejifunga kabisa.

Kwa asiyemjua: gamba la tumboni la kobe huyu lina bawaba. Akiogopa, kipande cha mbele na cha nyuma vinapanda na kubana kwenye gamba la mgongoni, kichwa, miguu na mkia vyote vinabaki ndani, hata jani halipenyi. Ndiyo maana anaitwa wa boksi. Akishajifunga huoni jicho, huoni pua, huoni sikio wala mdomo. Yaani kila mahali ambapo ugonjwa wa kobe huonekana kwanza pamefungwa. Huyu mtu analijua hilo na ndiyo biashara yake nzima. Sisi tunasema mbuzi kwenye gunia. Huyu anauza mgonjwa ndani ya gamba lake mwenyewe.

Akagonga gamba kwa ukucha, ko, ko. "Umesikia dada? Gamba zima, halina ufa." Akaniwekea viganjani. Alikuwa na joto zuri, gamba linang'aa, michirizi ya njano imekolea. Nikamwambia nataka kuona kichwa. "Ana haya tu, gari limemtikisa. Kesho asubuhi mwekee maji ya vuguvugu, atatoka mwenyewe." Na hayo ni maneno ya kweli! Ndiyo ninayowaambia nyie kila siku, kwamba kobe akihamishwa hujifunga, usimchokonoe. Nikanyamaza kwa sababu alisema kile ambacho ningesema mimi. Nilipomsogeza karibu na uso nikasikia harufu ya mafuta ya nazi. Nikadhani ni nywele zangu.

Halafu akanionyesha video kwenye simu: kobe anakula stroberi, macho mekundu yanang'aa, anararua kweli kweli. Sekunde kumi hivi. "Huyu huyu, jana jioni." Nikatoa hela taslimu, maana alisema za kutumiwa kwa simu hapokei, akaunti ina tatizo.

Msiniulize kwa nini nilimwamini kana kwamba nilikutana naye barabarani. Aliletwa kwenye kundi na mtu tunayemheshimu. Anaongea Kiswahili safi. Nilimuuliza unyevu anaoweka, akajibu asilimia 70 bila kufikiri. Nikamuuliza taa, akasema taa ndefu ya UVB, yaani yenye miale kama ya jua, saa 12 kwa siku, na hubadilishwa hata kama bado inawaka kwa sababu miale inaisha kabla ya mwanga. Ni watu wangapi mnaowajua wanaolijua hilo? Akatoa na risiti yenye jina la mfugaji wa jimbo jingine. Risiti ile nimepiga namba yake mara tisa. Haipo.

Asubuhi nikamweka kwenye sinia la maji ya vuguvugu, kina kinachofika kidevuni tu. Baada ya dakika kama 20 akafungua. Upande wa kushoto wa kichwa, nyuma ya jicho, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa punje ya maharage. Jicho la upande huo limevimba, halifunguki. Puani mapovu. Mdomo wa juu umerefuka na kujikunja kama wa kasuku. Kwenye mizani ya jikoni gramu 318, na gamba lake lina urefu wa sentimita 13. Kobe wa urefu huo aliyeshiba ni mzito zaidi ya hapo kwa mbali. Huyu alikuwa mwepesi mkononi jana yake, na nilihisi, nikajiambia ni taulo limenichanganya.

Nikachukua mswaki laini na maji, nikasugua mgongo. Mafuta yakatoka, ile harufu ikajaa jikoni. Chini yake, ukingo wa nyuma wa gamba una alama za meno, mistari miwili miwili iliyopona zamani, ya rakuni au mbwa. Na juu ya mgongo kuna kovu refu lililonyooka, ambalo kwa kobe wa mtaani huku mara nyingi ni la mashine ya kukatia nyasi. Kobe aliyezaliwa ndani ya nyumba ya mtu haliwi na rakuni wala hakatwi na mashine. Huyu ameokotwa. Mafuta yalikuwa ya kufunika makovu na kukoleza rangi. Lile joto la viganjani lilikuwa la beseni aliloliweka mbele ya hita ya gari.

Na ile video: nimeiangalia tena taratibu, kwa sababu alinitumia. Kwenye sekunde ya nne kobe anageuka na mguu wa nyuma unaonekana. Vidole vitatu. Wangu ana vinne. Yule wa video ni kobe wa vidole vitatu wa kule Missouri na Arkansas, gamba la kahawia lisilo na michirizi. Wangu ni kobe wa boksi wa mashariki. Hata siyo aina moja!

Uvimbe ule ni jipu la sikio, na ni ugonjwa unaowapata sana kobe hawa. Mara nyingi unakuja hivi: mnyama akikosa vitamini A kwa miezi, ngozi laini ya ndani ya kijia kinachotoka kooni kwenda sikioni inakakamaa na kujimenya, kijia kinaziba, usaha unajikusanya. Usaha wa wanyama watambaao hautiririki kama wetu, unaganda kama jibini, kwa hiyo hauwezi kukamuliwa wala kutoka wenyewe. Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akapasua kiwambo cha sikio, akatoa kipande kizima kwa kijiko kidogo, akasafisha tundu na kuliacha wazi lipone kutoka ndani. Sasa ni sindano ya antibiotiki kila baada ya saa 72, kwenye mguu wa mbele, kamwe siyo wa nyuma, kwa sababu damu ya nyuma hupita kwenye figo kwanza. Analala kwenye taulo za karatasi safi badala ya udongo mpaka kidonda kifunge, upande wa joto haushuki chini ya nyuzi 75 za Farenhaiti hata usiku. Kinyesi kilipopimwa kulikuwa na minyoo.

Mlionunua kwake, msikimbilie kumchoma kobe vitamini A mliyoagiza mtandaoni. Ikizidi, ngozi inababuka mpaka nyama inaonekana. Mpeni kwa chakula: nyungunyungu, konokono wa dukani, na kando yake malenge, karoti au kiazi kitamu kilichokunwa, majani ya dandelioni yasiyopigwa dawa. Kwa mkubwa, nusu wadudu na nyama laini, nusu mboga na tunda kidogo, na unga wa kalsiamu usio na fosforasi mara mbili au tatu kwa wiki. Letusi peke yake ndiyo humfikisha kobe kwenye hali hii. Kama mna kobe mwingine, mtengeni huyu chumba tofauti siku 90, sahani tofauti, mikono mnawe kwa sabuni kila mkimgusa. Watoto hasa. Salmonela, bakteria wa kuharisha wanaobebwa na kobe, ndiyo sababu tangu 1975 sheria ya shirikisho inakataza kuuza kobe wa kufuga mwenye gamba lililo chini ya inchi 4.

Na ile "seti" yake ya vifaa vya kumfugia kobe, ya dola 140, ni wizi wa pili. Tangi la kioo la galoni 20, upana wa futi moja. Kobe mzima anahitaji angalau futi 4 kwa 4, na kuta zisizopitisha mwanga, kwa sababu kioo hakielewi: atakwaruza pua kutwa akitafuta njia mpaka itoke damu. Mchanga mkavu, wakati anatakiwa makumbi ya nazi yaliyosagwa na majani makavu, kina cha sentimita 10 hadi 15, yenye unyevu wa kukamatana ukifinya lakini yasidondoshe maji. Hewa kavu ya nyumba zetu za hita ndiyo inayowavimbisha macho kila Januari. Taa nyekundu, hakuna UVB yoyote. Na jiwe la umeme! Kobe hahisi vizuri joto la chini ya tumbo, anakaa hapo mpaka gamba linaungua. Joto litoke juu, nyuzi 85 hadi 88 chini ya taa, 70 hadi 75 upande wa pili ili achague mwenyewe. Lile jiwe nimelitupa.

Sasa sikilizeni linalonichoma zaidi. Indiana hairuhusu kumtoa kobe huyu porini, siku yoyote ya mwaka, na kumweka nyumbani kunataka kibali cha idara ya maliasili ya jimbo. Yeye anajua. Anawauzia watu wetu ambao hawajui, wengine karatasi zao za ukaazi bado ziko mezani kwa wakubwa, anawaachia kosa la jinai ndani ya beseni. Ukivuka naye kwenda Kentucky au Ohio ni Sheria ya Lacey ya tangu 1900, inayokataza kuvusha mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria, hiyo ni ya shirikisho. Na nimesikia anawaambia wengine anaweza kuwatumia ndugu zao Dubai na Nairobi. Jenasi yote ya Terrapene, yaani kobe wa boksi wote, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 1995, haitoki nchi hii bila kibali. Atakayekamatwa uwanja wa ndege ni wewe.

Mtu huyu afungwe. Sisemi atozwe faini halafu arudi wiki ijayo na namba mpya ya simu. Achukuliwe gari, achukuliwe simu, atolewe kwenye kila kundi la Waswahili kuanzia hapa mpaka Minnesota, na aliyemleta aseme hadharani alimtoa wapi. Kobe jike hutaga mayai matatu, manne, matano kwa mwaka, huchukua karibu miaka kumi kabla hajaanza, na vifaranga wengi huliwa. Ukiokota wazima sita kwenye msitu mmoja umeumaliza msitu huo. Wanaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Huyu wangu pengine alikuwepo kabla sijazaliwa. Mimi nimeripoti. Idara ina namba ya kupokea taarifa za ujangili na hulazimiki kutaja jina lako. Pigeni wote, asionekane ni mtu mmoja mwenye kinyongo.

Dalili, kwa haraka, maana mkono unatetemeka. Mkutano ni jioni, kobe amejifunga. Sema utasubiri nusu saa kwenye sinia la maji, akikataa ondoka. Gamba linang'aa: lifute kwa kitambaa cheupe. "Ana miaka mitatu" na ana sentimita 13: uongo. Wengi kwa mpigo Mei na Juni baada ya mvua, ndiyo msimu wanapovuka barabara na kuokotwa. Picha ya mgongo hataki kutuma. Hela taslimu tu. Bei ya kutupwa kwa mkubwa. Wafugaji wa kweli huwa na wadogo wengi na wakubwa wachache, na hawaachi wakubwa wao waondoke.

Mlionunua, tafadhali msikasirike mkaenda kumwachia kwenye hifadhi ya Eagle Creek. Kobe huyu maisha yake yote yako ndani ya eneo dogo analolijua kwa jiwe na kijito. Ukimwachia pengine atatembea kulitafuta mpaka agongwe, na kama ana maradhi ya nyumbani atawaambukiza wa porini. Pigieni idara kwanza.

Wale wawili wa wiki hii, nitumieni picha ya mgongo kutoka juu, gamba likiwa limeoshwa na kukauka, na picha ya miguu ya nyuma. Michoro ya magamba haifanani kwa kobe wawili, ni kama alama za vidole, na mimi ninayo ile video. Nataka kujua yule wa stroberi yuko kwa nani.