Gari la mtumba kwa milima ya Mbeya: anza na mfuniko wa rejeta

Mwaka jana nilinunua gari dogo la namba D (herufi ya kwanza ya usajili wake) katika yadi moja hapa Mbeya. Rangi iling'aa na injini ilikuwa tulivu, lakini katika safari ya pili lilichemsha katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya msururu wa malori yaliyopanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Injini ilipopoa, fundi aliufungua mfuniko wa rejeta akanionyesha mpira wake, mkavu na uliopasuka kama kisigino cha kiangazi. Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, haikuwamo kabisa, na gasketi ya silinda hedi, kizibo kilicho kati ya kichwa na bloku ya injini, ilikuwa imeungua.

Mjini Mbeya tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ambako maji katika sufuria iliyo wazi huchemka yakifika takriban nyuzi 94. Ndani ya injini huzuiwa yasichemke mapema na shinikizo linalotunzwa na mfuniko huo, ambao kwa Toyota nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kiasi cha shinikizo unachohimili. Mafundi wengi hung'oa themostati wakidai gari litapoa vizuri, na matokeo yake ni kwamba asubuhi za Juni injini huchelewa kupata joto, kompyuta ikazidi kuongeza petroli, na mwenye gari akailaumu injini kwa ulaji wa mafuta.

Kati ya magari ya mtumba ya kupandia milima hii, nafasi ya kwanza naipa Toyota yenye injini ya 1NZ ya cc 1,496, hasa IST ya mwaka 2002 hadi 2007. Injini hiyo inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na vipuri vyake havihitaji kuagizwa Dar es Salaam. Ya pili ni Corolla 110, ambayo ina mshale wa joto unaokuonya mapema, ilhali magari mengi madogo yaliyofuata yana taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka injini imeshapata joto kupita kiasi. Tatizo la Corolla hiyo ni umri: rejeta yenye matangi ya plastiki huanza kupasuka kwenye maungio, na mkanda wa taimingi lazima ubadilishwe. Ya tatu ni Nissan X-Trail T31, ambayo ni pana na nzuri, lakini giaboksi yake ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, haivumilii joto la milima mirefu wala oili isiyo yake. Toyota Passo ya cc 1,000 inatosha kwa safari za hapa mjini, za Mwanjelwa na Uyole.

Kinachoniudhi ni wauzaji kupanga bei kwa herufi ya namba. Namba E inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, haisemi lilitengenezwa lini, na IST ya 2004 inaweza kuivaa. Gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 linapoingia, mzigo ambao muuzaji humtwisha mnunuzi kisha akaliita gari jipya.

Nenda alfajiri, injini ikiwa baridi, na ufungue mfuniko mwenyewe. Kisha washa gari na ushike mpira wa chini wa rejeta, yaani bomba linalorudisha maji kwenye injini: unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu uanze kupata joto. Ukianza kupata joto polepole tangu mwanzo, huenda themostati imeng'olewa au imekwama ikiwa wazi. Ukikuta boneti tayari ina joto, mwambie muuzaji utarudi kesho.