Buffalo: nzito kweli, ila kwa binti wa kijijini naipa nyota nne

Wadau leo niongelee baiskeli ya Buffalo, maana kila tukianza stori za kumsaidia mtoto wa kike kijijini asome watu wanakimbilia madaftari, sare na taulo za kike, vyote vizuri wala sipingi, lakini binti anayekaa kilomita saba toka shule hata umpe begi jipya kesho asubuhi atazitembea zilezile kilomita saba, na kabla hajatoka ameshachota maji na kufagia uwanja, akifika mwalimu yuko kipindi cha pili na fimbo inamsubiri.

Kwa asiyeijua, hii ni baiskeli ya chuma ya World Bicycle Relief, shirika lililoanza 2005 baada ya ile tsunami iliyopiga Sri Lanka, baadae wakahamia sana Afrika, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Kenya na kwingineko. Haina mbwembwe. Ile ya kawaida ina giya moja, matairi manene, na kariya ya nyuma inayobeba hadi kilo 100, yaani kuni, madumu ya maji, au mdogo wake anayesoma chekechea shule hiyohiyo.

Kilichonikosha mimi ni breki. Hakuna waya wala raba za kubana rimu, breki imo ndani ya haba ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, ukirudisha pedeli nyuma inashika. Utaona ni kitu kidogo ila njoo msimu wa mvua, rimu imejaa tope, raba zinateleza tu, waya umeota kutu umekatika na hakuna wa kununua mwingine, basi mtoto anafunga breki kwa kandambili kwenye tairi. Hii tope lisiwe tope inashika. Ubaya wake ni mpaka uizoee, kama una tabia ya kuzungusha pedeli kinyumenyume ukiwa kwenye mteremko utashtukia umesimama ghafla 😂

Uzito sasa. Karibu kilo 23 bila mzigo. Hicho chuma ndo kinaifanya ivumilie barabara zetu, sawa, lakini binti wa miaka 12 akipata pancha katikati ya pori anaikokota hiyo hiyo, na mlimani kwa giya moja atashuka tu asukume. Wametoa nyingine ya giya mbili, kwa sehemu za milima ningechukua hiyo bila kujiuliza.

Je inasaidia kweli shule au ni picha za wafadhili tu? Hapa kuna ushahidi. Kule vijijini Zambia walifanya utafiti kwa wasichana wanaokaa mbali na shule, waliopewa baiskeli wakalinganishwa na ambao hawakupewa. Muda wa njiani ulipungua kwa 35%, kuchelewa kulipungua kwa 66%, utoro kwa 27%, na hesabu wakafanya vizuri zaidi. India jimbo la Bihar walianza mpango kama huo 2006 kwa wasichana wanaoingia sekondari na idadi ya walioandikishwa ikapanda karibu theluthi.

Lakini kwenye huo utafiti wa Zambia kuna kitu kimoja watu wanakiruka na mimi ndo nakiona kikubwa. Familia zilizochangia hela kidogo, mabinti zao ndo waliotamani makubwa zaidi na kutaka kuchelewa kuolewa na kuzaa. Mi naona mzazi akishatoa chochote mfukoni hata kidogo ameshaikubali safari ya huyo binti, haoni tena kama ni kitu cha watu wa mradi. Ya bure kabisa, haki ya Mungu wiki ya tatu kaka mtu ameshaenda nayo gulioni na binti anatembea kama zamani. Ndo maana napenda ule mkataba wa World Bicycle Relief na familia, kuna kamati ya wazazi, walimu na viongozi wa kijiji, na baiskeli inakuwa mali ya mwanafunzi mwenyewe akitimiza masharti ya masomo.

Kwa hiyo kama una kikundi mnachanga mnataka kununua, angalieni kwanza umbali. Chini ya kilomita tatu hela hiyo pelekeni kwenye choo cha wasichana chenye mlango na maji. Kama njia ina mto unaofurika au mchanga mzito mtupu, jengeni bweni. Katikati ya hapo nunueni Buffalo, na msinunue kumi bila kumwezesha fundi mmoja wa hapo kijijini awe na tyubu, spoku na cheni, wenyewe World Bicycle Relief wanafundisha mafundi kwa sababu hiyohiyo. Nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya wale wafupi wa darasa la tano, siti ukiishusha mpaka mwisho bado wanaendesha wima.