Uzoefu Wangu na Seti ya Kulishia Watoto wa Kindi

Seti hii niliinunua mtandaoni kwa dola 38, nikivutwa na maandishi makubwa yaliyodai kwamba ndani yake mna kila kitu anachohitaji mtu anayelea watoto wa wanyama wadogo waliopoteza mama yao. Juu ya boksi kuna picha ya mtoto wa kindi aliyelazwa chali kiganjani, chupa ikiwa mdomoni, mfano wa mtoto mchanga wa binadamu. Picha hiyo pekee ingetosha kunizuia nisinunue, lakini siku ile sikujua ninachokitazama.

Ninaishi Raleigh, North Carolina, ambako kindi wa kijivu ndiye mnyama rasmi wa jimbo tangu mwaka 1969, na ambako si ruhusa kwa mtu yeyote tu kulea wanyamapori nyumbani bila kibali cha Tume ya Rasilimali za Wanyamapori ya jimbo. Mimi ni msaidizi wa mama mmoja mwenye kibali hicho, ambaye huwagawia wasaidizi wake kazi ya kulisha pindi dhoruba za mwisho wa kiangazi zinapoangusha viota, kwa kuwa miezi ya Agosti na Septemba ndiyo ya uzao wa pili wa kindi kwa mwaka. Yote ninayoyaeleza hapa niliyafanya chini ya uangalizi wake, na pale nilipokosea ni kwa sababu niliufuata mwongozo wa boksi kabla ya kumpigia simu yeye.

Niliwapokea watoto watatu, wenye uzito wa gramu 41, 38 na 33, macho yakiwa bado yamefumba na ngozi ya mgongoni ikianza kuingia kijivu, dalili kwamba walikuwa na umri wa wiki mbili hivi. Walikuwa wameshawekwa kutwa nzima chini ya mti wao, ndani ya boksi lenye chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, ili mama yao apate nafasi ya kuja kuwabeba kuwapeleka kwenye kiota kingine, jambo ambalo kindi hulifanya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Jua lilizama bila yeye kuonekana, na kwa kuwa kindi wa kijivu hatembei usiku, kungoja zaidi kusingekuwa na maana.

Ndani ya seti mlikuwa na kopo la maziwa ya unga ya watoto wa mbwa, chupa ya mililita 60 yenye chuchu tatu za mpira, mabomba mawili ya sindano ya mililita 5 yasiyo na sindano, brashi ya kusafishia, na karatasi ya maelekezo. Mizani haikuwamo. Niliona kuwa ni upungufu mdogo, kumbe ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, kwani kiasi cha maziwa ya kindi hukadiriwa kwa uzito wake: takribani asilimia 5 ya uzito wa mwili kwa kila mlo, maana yake mtoto wa gramu 41 hupewa mililita 2, basi. Karatasi ya maelekezo ilipima kwa vijiko, na vijiko vyenyewe vilikuwa vya watoto wa mbwa. Nilikwenda kununua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja kwa dola 12, na tangu asubuhi ile nikawa ninawapima kila siku kabla ya mlo wa kwanza na kuandika kwenye daftari. Mtoto ambaye hajaongezeka kwa siku mbili ana tatizo hata kama ananyonya kwa pupa.

Chupa sikuitumia hata mara moja. Mtungi wa mililita 60 kwa kiumbe anayekunywa mililita 2 ni kichekesho. Mlezi haoni kiasi kilichopungua, wala hawezi kusimamisha mtiririko mtoto anapotaka kupumua. Kwa hiyo niliyategemea mabomba, na hapo ndipo palipozuka mkasa wa usiku wa kwanza.

Ilikuwa yapata saa nane usiku, mlo wa pili. Mwongozo ulisema mtoto alazwe chali, nami nikafanya hivyo kwa yule mdogo wa gramu 33. Kichwa cha mpira kilicho ndani ya bomba lile kilikuwa kimenata. Nilisukuma kwa kidole gumba, hakikwenda. Nikaongeza nguvu kidogo, kikaachia ghafla na kumwaga karibu nusu mililita kinywani mwa mtoto ambaye hata kumeza alikuwa bado anajifunza. Akapaliwa. Maziwa yalitoka kwa matundu yote mawili ya pua, akafumbua kinywa akitafuta hewa. Nilimgeuza mara moja kichwa kikaelekea chini, nikampangusa pua kwa pamba, nikangoja hadi pumzi ikatulia, na mlo ule nikauacha hapo hapo. Sikulala tena. Asubuhi nilipomweka sikioni nilisikia mlio mdogo wa kukwaruza kila alipovuta pumzi, na daktari wa mifugo alithibitisha kwamba maziwa yaliingia kwenye mapafu na kwamba kichomi kilikuwa kinaanza. Aliandikiwa antibayotiki, nami nikaambiwa na mama mwenye kibali, kwa upole ulioniuma kuliko kugombezwa, kwamba kindi hanyonyeshwi chali kamwe. Husimamishwa au hulazwa kwa tumbo, mwili wake ukiwa umezungushiwa kitambaa na mikono yake ikiwa na kitu cha kushika, kichwa kikiinama kidogo mbele ili kinachozidi kidondoke nje badala ya kuingia ndani.

Siku iyo hiyo alinipa mabomba yake ya mililita 1, ambayo yana pete nyembamba ya mpira mahali pa kile kichwa kizito, na tofauti yake niliihisi kidoleni kabla sijaiona kwa mtoto. Linateleza. Ukisukuma kwa kiasi cha tone, linatoa tone. Mtoto akiacha kunyonya, kidole nacho kinaacha, na hakuna shinikizo lililobaki ndani la kutoa maziwa yasiyotakiwa. Boksi la mabomba kumi ya namna hii nilikuja kulinunua baadaye kwa dola 6. Nikiulizwa ni kitu gani kilichowavusha watoto wale, nitakitaja kipande hiki cha plastiki kabla ya maziwa, kabla ya dawa na kabla ya jitihada zangu mwenyewe. Bomba la mililita 5, hata likiwa zuri, hubeba zaidi ya milo miwili ya mtoto wa umri ule, na kosa dogo la kidole huwa kosa kubwa kooni.

Kuhusu chuchu, zile tatu za mpira zilikuwa nene kwa vinywa vile, na tundu lililotobolewa kiwandani lilikuwa pana kiasi kwamba maziwa yalidondoka yenyewe nilipoliinamisha bomba. Nilizibadilisha kwa chuchu ndogo ya silikoni inayovalishwa kwenye ncha ya bomba, nikaitoboa mwenyewe kwa sindano ya kushonea iliyochomwa moto. Tundu sahihi ni lile linalotoa tone pale tu mtu anaposukuma. Kila mlo niliichunguza kama imechanika, kwa kuwa meno ya chini ya kindi huanza kutokeza akiwa na wiki tatu hivi, na kipande cha silikoni kikimezwa huleta balaa jingine.

Maziwa yenyewe nayatetea kwa sehemu. Unga wa watoto wa mbwa unafaa kindi kuliko maziwa ya ng'ombe, ambayo majirani wema hukimbilia, na ambayo yana mafuta kidogo mno na sukari ya maziwa nyingi kupita uwezo wa tumbo la kindi. Matokeo yake ni kuharisha, na kwa mtoto wa gramu 40 kuharisha kutwa moja kunatosha kumkausha. Lawama yangu ni kwamba mwongozo ulisema yakorogwe na kutumiwa papo hapo. Nilipofanya hivyo, siku ya tatu yule wa gramu 38 alivimba tumbo likawa gumu na ngozi ikawa inang'aa, naye akawa anajinyonganyonga bila kutulia. Ilibidi maziwa yasimame kabisa kwa milo miwili, apewe maji ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini yasiyo na ladha wala rangi, akandwe tumbo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na kusuguliwa taratibu kuelekea chini, na kwa ushauri wa mama mwenye kibali akapewa pia tone la dawa ya gesi ya watoto wachanga. Alipata nafuu jioni. Tangu hapo nikawa nakoroga kipimo kimoja cha unga kwa viwili vya maji, nayaacha kwenye friji usiku kucha ili povu lishuke na chembe ziloane sawasawa, napasha moto kiasi cha mlo mmoja tu, na yanayobaki baada ya kutwa moja namwaga. Kuvimba hakukurudi. Kopo lilipokwisha tulihamia polepole, kwa kuchanganya kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwenye maziwa ya unga ya chapa ya Fox Valley 32/40, ambayo namba zake ni asilimia ya protini na ya mafuta, na mabadiliko yalipita bila kelele tumboni.

Yako mambo mawili ambayo seti haikuyagusia hata kwa mstari mmoja, na ambayo yalinisumbua kuliko kuchagua maziwa. La kwanza ni mtoto anayekataa kunyonya. Mara zote mtoto wangu alipokataa, kosa halikuwa kwenye maziwa: ama alikuwa wa baridi, na mtoto wa baridi hapewi chakula kabisa hadi apate joto kwa kuwa tumbo lake halisagi kitu, ama kibofu chake kilikuwa kimejaa, kwa sababu kabla ya kufumbua macho hawezi kukojoa wala kupata choo mpaka apanguswe sehemu hizo kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kazi ambayo porini mama yake huifanya kwa ulimi. Pedi ya umeme niliitandika chini ya nusu ya boksi tu, kwenye kipimo cha chini, ili anayeona joto limezidi ajisogeze. La pili ni kwamba watoto waliozoea kunyonya na bado wana hamu hunyonyana wenyewe kwa wenyewe, na kwa madume sehemu ya siri huvimba hadi mkojo ukaziba. Nililigundua mapema kwa kuwa nilikuwa nawakojoza mmoja mmoja, nikampa kila mmoja mfuko wake wa kitambaa kwa siku nne.

Yule mdogo alimaliza dawa yake akiwa na gramu 52, akiwa bado nyuma ya wenzake lakini anapumua bila mlio. Baadaye wote watatu walifumbua macho, wakipishana kwa siku chache tu, wakahamia kwenye bomba la mililita 3, kisha wakarudishwa kwa mama mwenye kibali kwa ajili ya kuachishwa maziwa na kuzoezwa banda la nje, kazi ambayo sina nafasi wala ujuzi nayo.

Kwa seti hii natoa nyota mbili kati ya tano: moja ni ya kopo la maziwa na nyingine ya brashi, ambayo kwa kweli ni nzuri. Mabomba madogo, chuchu ya silikoni na mizani vikinunuliwa kimoja kimoja havifiki dola 25, na kopo la unga juu yake halifanyi tofauti kubwa. Nilimwandikia muuzaji kuhusu mabomba, akanirudishia nusu ya fedha bila ubishi, na hilo nalikubali. Nilimwandikia mara ya pili kuhusu picha ya mtoto aliyelazwa chali, nikimweleza yaliyotokea saa nane za usiku ule. Alijibu kwamba amelipokea. Juma lililopita nilifungua tena ukurasa wa bidhaa, na mtoto yule bado amelala chali, chupa mdomoni.