Zulia ni lilelile, mikono ndiyo tofauti

Watu wengi wanalipatia zulia nyota moja wakati mwenye kosa ni aliyelitandika. La kwangu, la chumba kizima, lilianza kufanya mawimbi katikati ya sebule miezi michache tu baada ya kuwekwa. Duka lililoniuzia, na ambalo mafundi wake ndio walilitandika, likasingizia hali ya hewa. Wapi!

Fundi niliyemwita baadaye alilibandua pembeni akanionyesha. Mbao za misumari zinazonasa kingo za zulia kando ya ukuta zilipigwa sawasawa, sponji ya chini nayo nzima, ila zulia lilivutwa kwa kile kifaa kidogo cha kusukuma kwa goti basi. Hicho ni cha kunasia kingo. Chumba kikubwa kinataka kifaa kirefu kinachoegemea ukuta mmoja na kulivuta zulia kuelekea ukuta wa pili, mpaka lirefuke mara nyingi kwa asilimia 1 hadi 1.5. Lisipovutwa hivyo, likizoea kukanyagwa linalegea.

Kwenye maungio ya vipande vya zulia ndiko nilikosimama nikimtazama. Nyuzi za zulia zina mlalo: pitisha kiganja upande huu zinalala, upande ule zinasimama. Waliotangulia waligeuza kipande kimoja, ndiyo maana sebule ilionekana ya rangi mbili kila taa ikiwaka. Yeye alitenganisha mistari ya nyuzi kwa ncha ya bisibisi kabla ya kupitisha kisu, akapaka gundi kingo zote mbili zisifumuke, ndipo akaweka utepe wa gundi chini na kuupitishia pasi ya moto taratibu. Nyuma yake aliacha ubao mzito hadi gundi ipoe. Sasa maungio nayatafuta kwa vidole. Kwa macho siyaoni.

Kipande kilichogeuzwa hakikutibika, ilibidi ninunue kingine. Kwa kuwa kilitoka kwenye mkupuo mwingine wa rangi kiwandani, kimekoza kidogo. Alinitahadharisha mapema, akakipeleka upande wa makochi. Sina kinyongo naye kwa hilo.

Ninachomkata nyota ni muda. Kuahidi asubuhi na kutokea alasiri ni tabia yake, na simu hapokei akiwa kazini. Chumba cha kulala kikifika zamu yake nitamwita yeyeyule, ila nitamwambia kazi ni alfajiri.