Huduma ya kukusanya taka za kurejeleza mjini Lamu: uzoefu wangu

Kwa ufupi: plastiki ngumu na makopo wanayamudu vizuri, vioo vimewashinda, na mizani yao ndiyo kasoro kubwa. Nyota tatu kwa nyumba ya kawaida, nne kwa gesti na mikahawa.

Tofauti hiyo chanzo chake ni uzito, maana wanalipa kwa kilo. Chupa tupu ya maji ya nusu lita huwa na gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja inataka chupa 50 hadi 100. Nyumba ya watu watano itachukua muda kuzifikisha. Gesti yenye wageni inazifikisha upesi. Dumu la lita 20 peke yake lina karibu kilo nzima, lakini Lamu hii nani anatupa dumu zima? Yanayoingia guniani ni yaliyopasuka tu.

Ndani ya vichochoro vya mtaa wa Mkomani mzigo hubebwa na punda kwa shogi, ukifika pwani hupakiwa mashuani kuvushwa hadi Mokowe, upande wa bara, halafu lori hadi Mombasa. Kila hatua ina nauli yake, na gunia la chupa zilizotuna hubeba hewa kuliko plastiki. Ndiyo maana wanakataa chupa ambazo hazijakanyagwa, na hapo nawaunga mkono. Toa kifuniko, mwaga kilichobaki, ilaze chupa ubavu uikanyage. Ukiikanyaga imefungwa itatuna tena, au kifuniko kitaruka kimpige mtu.

Vifuniko viwekwe kwenye chombo chake. Chupa ya maji ni plastiki namba 1 (namba ya aina ya plastiki, huchapwa kitakoni), nayo huzama majini. Kifuniko ni namba 2 au 5, nacho huelea. Kiwanda chenye tangi la kuoshea hutenganisha vipande hivyo bila taabu, ila kikundi hiki kinachambua kwa mkono, na gunia lililochanganywa hununuliwa kwa bei ya chini. Inayoharibu kweli ni namba 3, yaani PVC. Hiyo huzama pamoja na namba 1, na ikiingia kwenye joto la kuyeyusha chupa, karibu nyuzi 260, inaungua, inatoa asidi na kuugeuza mzigo rangi ya manjano. Geuza chombo utazame namba kitakoni: 1, 2 na 5 wanachukua, 3 na 6 usijisumbue. Vikombe vya mtindi vinatatiza, maana vingine ni 5 na vingine 6 hata kama umbo ni lile lile.

Madumu ya mafuta ya kupikia ndiyo hurudishwa sana. Mafuta hushika vumbi, na kipande chenye mafuta hakioshiki kwa maji matupu. Lipindue dumu usiku kucha juu ya sufuria, kisha tia maji ya moto kidogo na sabuni, tikisa, mwaga, lipindue tena likauke. Maji ya visima vya Shela, yanayolisha mji, ni ya kunywa, usiyamalize kwa kusuuzia. Kwa kusuuza chupa za soda na maji, tumia yaliyobaki baada ya kuosha vyombo.

Plastiki iliyookotwa ufukweni usiichanganye na ya nyumbani. Ile imeiva kwa jua, ukiikunja inakatika, na imejaa chumvi na mchanga. Mchanga ndio unaomaliza visu vya mashine ya kusaga. Wanaipokea, ila kwa gunia lake na bei yake. Wanaouliza kama plastiki kama hiyo ina kazi yoyote wakumbuke jahazi la Flipflopi lililoundwa hapa hapa Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa, likazinduliwa 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Makopo: shika sumaku. Isiyonata ni alumini, na hiyo ndiyo yenye bei nzuri kuliko vyote vilivyomo guniani, ingawa kilo moja inataka makopo kama 70. Inayonata ni bati, mnunuzi wake ni wa chuma chakavu. Maboksi yapeleke makavu. Msimu wa masika boksi likilala nje usiku mmoja limekwisha, na mpimaji atakata kilo kwa kukisia.

Hapo kwenye kupima ndipo ninapolalamika. Mizani iko ghalani, haiji mlangoni, na karatasi ya hesabu hupewa wenye biashara peke yao. Pima mwenyewe kwanza kwa mizani ya kuning'iniza, uandike uzito juu ya gunia kwa kalamu ya wino mzito. Tangu nianze kufanya hivyo, mabishano yamepungua. Jambo jingine, siku ya kuchukua haitabiriki kwa sababu mashua hupakia maji yakijaa. Wangetuma ujumbe jana yake, gunia lisingelala kibarazani likachakurwa na paka.

Wenye mikahawa wajue kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, kwa hiyo mapipa mawili jikoni hayaepukiki, uwe na huduma hii au usiwe nayo. Utumbo wa samaki na maganda ya maembe hawachukui. Yafukie futi moja chini, changanya na samadi ya punda iliyokauka; samadi Lamu haiuzwi kwa mtu mwenye macho. Makumbi ya nazi yaache nje ya shimo hilo, huoza polepole mno.

Chupa za kioo wanapokea nzima tu, zile ambazo mtu wa asali au achari atazitumia tena. Zilizovunjika hazina mnunuzi wa karibu, na uzito wake unakula nauli yote. Nepi, pakiti za krispi na betri rudi nazo nyumbani, hata wakikuambia 'weka tu hapo', kwa sababu nimeona zinakoishia: nyuma ya ghala.