Gari la nne la zege, na saini ya dizeli

Nianze na nyota za hawa wauza zege: nawapa moja. Huenda nikimaliza kuandika nitabadilisha, maana hasira yangu inapanda na kushuka tangu siku ile. Kwa sasa ni moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Jina la kampuni silitaji, nina ugomvi wa kutosha na wateja wangu wa dagaa. Ila hawa watu nawajua tangu wana mashine moja tu ya kufyatulia tofali kando ya barabara ya Musoma, turubai la bluu, na mzee mmoja mwenye kofia ya pama. Nyumba yangu ya kwanza, ile ya Igoma, nilijenga kwa tofali zake. Ulikuwa ukifika unamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", anaitika, anachukua tofali mbili anazigonganisha. Zikilia kama sahani anakwambia pakia. Zikitoa mlio wa gunzi anawaambia vijana wake hizi bado, zimwagieni maji, na wewe mama rudi wiki ijayo. Nilirudishwa hivyo mara mbili, mara ya pili nikiwa tayari nimekodi lori. Nilimnunia. Lakini mfuko mmoja wa saruji kwake ulikuwa unatoa tofali 30 na chache, wakati majirani zake wanatoa 50 wanacheka, na nyumba ya Igoma mpaka leo haina ufa.

Kisha mji ukakua na mzee akakua nao. Tukaona pevingi, zile tofali za kutandika chini, tukaona kalavati, duka la vifaa lenye nondo, bati, rangi na vigae, malori yao wenyewe, halafu mtambo wa zege na yale magari yenye pipa linalozunguka mgongoni. Juzijuzi wamefungua na kituo cha mafuta. Kikumbukeni hicho kituo. Simlaumu mtu kwa kukua. Mwanza ilikuwa inadai zege: reli ya kisasa kutoka hapa hadi Isaka, kilomita 341, daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, na katikati ya hayo makubwa sisi wadogo na vyumba vyetu vya kupangisha. Saruji yenyewe inatutokea mbali, Tanga, Dar es Salaam, Mbeya, kwa hiyo mwenye malori yake ana nafasi kuliko anayesubiri ya watu. Nilikuwa najivunia hata, kama mtoto wa jirani aliyefika chuo kikuu.

Sasa nilikuwa namwaga slabu, ile sakafu ya zege ya juu, Buswelu, ghorofa moja. Fundi wangu akapiga hesabu: pamoja na bimu, zile boriti za zege, ni kyubiki (mita za ujazo) 24, magari manne ya kyubiki sita sita. Akanishauri kabisa nisikoroge kwa mkono, slabu nzima inatakiwa imwagike kwa mfululizo, zege moja lishikane na jingine kabla halijaanza kukauka. Nikalipa zote. Siyo nusu, zote, na risiti ninayo.

Gari la kwanza saa mbili asubuhi. La pili, la tatu, safi. Zege zuri, nakiri, linateleza kwa adabu, vijana wanalisukuma na vaibreta inalia, mimi nimesimama juu ya mirunda moyoni nahesabu wapangaji. Saa tano na nusu la tatu likaisha. La nne lilitakiwa liwe limeshasimama barabarani.

Halikuwepo.

Nikapiga simu. "Mama, liko njiani." Saa sita, liko njiani. Saa sita na nusu, dada mwingine, sauti nyingine: "Mama tulia, tunalifanyia kazi." Unalifanyia kazi nini, si lipo njiani? Fundi hakusema neno, alikuwa anaangalia jua na kugusa ukingo wa zege kwa kidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Saa saba akachukua ubao, akauweka katikati ya chumba na kukata zege hapo, mbali na bimu, akasema tukilazimika kuunga basi tuungie hapa, siyo pale litakapojisimamia lenyewe. Hapo nikajua slabu yangu itakuwa na mshono.

Gari lilifika saa nane na nusu. Fundi akaomba tiketi ya mzigo. Limepakiwa saa tano na dakika kumi. Masaa matatu na ushee zege liko kwenye pipa! Kwa kawaida wanachokwambia ni dakika tisini tangu kupakia, hapo uwe umemwaga. Kijana wa kampuni aliyekuja na pikipiki akasema wameweka dawa ya kuchelewesha kushika. Fundi akamuuliza imeandikwa wapi kwenye tiketi. Haikuandikwa. Kijana akasema basi tuongeze maji kidogo lilainike. Hapo ndipo dereva, mtu mzima, macho mekundu kwa vumbi, akakataa. Akasema maji haongezi mtu kwenye gari lake, litamwagika vizuri leo na kesho litakuwa uji uliokauka. Kisha akanivuta pembeni: "Mama, ingekuwa nyumba yangu nisingelimwaga."

Nikamuuliza mlikuwa wapi. Akacheka kicheko cha aibu. Walipakia mapema, gari halikuwa na mafuta ya kufika. Dizeli ipo, kwenye kituo chao wenyewe, ng'ambo ya geti. Lakini kituo sasa ni idara yake, magari ni idara yake, zege ni idara yake, na karatasi ya dizeli lazima isainiwe na mkuu wa usafirishaji, na mkuu alikuwa kwenye kikao. Wakakaa pale, zege mgongoni, wakitumia dizeli ya mwisho kuzungusha pipa, wanaangalia pampu za bosi wao. Nimelifikiria hili jambo usiku mwingi. Mafuta yao, gari lao, zege lao, na pesa yangu, vimekwama kwenye kalamu moja.

Nikalikataa gari. Likaondoka.

Tukamaliza kwa mkono. Kyubiki sita, mikisa ya kukodi, saidia fundi kumi na wawili, karai zinapanda ngazi, taa ya jenereta, mpaka saa tano usiku. Fundi akauchongoa ule mshono kwa patasi, akauosha, akaupaka uji wa saruji kabla ya kuendelea. Kokoto tulizoongeza nilinunua kwa kina mama wanaoponda mawe mlimani, waliziteremsha wenyewe kwa mkokoteni jua likizama, na hawakuniomba saini ya mtu. Na saruji, mifuko arobaini na ushee, nilinunua wapi? Kwenye duka lao. Ndilo lililokuwa wazi karibu. Kijana wa dukani alipakia ndani ya dakika kumi, akanipa maji ya kunywa, akasema pole mama. Yaani niliwalipa mara mbili siku moja, na mara ya pili nikatoka nimefurahi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Nilikwenda ofisini siku iliyofuata, au keshokutwa yake, sikumbuki. Nikaingia mlango mkubwa. "Mama, hapa ni pevingi na kalavati. Zege ni jengo la kijani." Jengo la kijani wakanituma kwa mhasibu, mhasibu akanirudisha kijani. Dada wa pale, simu mkononi, hakuinua kichwa:

"Gari lilifika, mama. Kukataa ni maamuzi ya mteja."

"Mwanangu, lilifika zege limeshakufa."

"Tiketi inaonyesha limefika. Tuna wateja wanachukua kyubiki mia kwa siku, hawalalamiki."

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Ukiniletea dagaa walionyeshewa mvua njiani huniambii wamefika, hata kama gunia ni moja. Na mwenye gunia moja leo ndiye aliyekuwa anakununulia tofali ukiwa na turubai. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo sasa naionea aibu kidogo. Siyo sana.

Ukutani kwao wametundika picha ya mzee na ile mashine ya kwanza, ndani ya fremu ya dhahabu. Nikauliza yupo. Yupo, nje, chini ya mwembe. Nikamkuta kwenye kiti cha plastiki. Nikamwamkia, akanitambua, akauliza nyumba ya Igoma inaendeleaje. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siku hizi wanasaini vijana." Akanyanyuka kwa shida, akaingia na mimi jengo la kijani, akasimama mlangoni hakusema kitu. Yule dada akaweka simu chini.

Pesa taslimu hawakurudisha. Walinipa karatasi ya kuchukua bidhaa za thamani ileile, kwenye idara yoyote isipokuwa zege na mafuta. Nikachukua pevingi za uani. Ziliahidiwa saa mbili asubuhi, nikajiandaa kwa ugomvi, nikawa nimeshakunja kanga kiunoni.

Zilifika saa mbili kasoro tano, zote, hakuna iliyovunjika. Nilichukua mbili nikazigonganisha. Zikalia kama sahani.

Basi nyota tatu. Ila ule mshono upo, unapita juu ya chumba cha mpangaji wa kwanza, na masika bado haijanyesha juu yake. Mbili.